Sura ya Sita: Mafuta Yanayochoka, Maji Yanayokula Chuma

Pasaka ya 1971, gari jekundu lenye boneti nyeusi na namba 11 ubavuni lilimaliza la kwanza katika mbio za Safari ya Afrika Mashariki. Lilikuwa Datsun 240Z. Ndani yake walikuwamo Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na msaidizi wake Hans Schüller. La pili nalo lilikuwa 240Z, la Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta alirudi na 240Z, mara hii akiwa na Lofty Drews, wakalingana alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 180B. Ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu.

Gari hili lilizinduliwa Japani mwaka 1969, na lilipofika Marekani liliuzwa kwa dola 3,526. Waliolichora hawakuwa na tope la masika akilini. Walitaka gari la viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, uzito wa tani moja na ushee, la mtu anayetoka kazini Ijumaa jioni na kuifuata barabara ya lami. Kwamba gari la namna hiyo liliweza kupiga maelfu ya kilomita za vumbi na mawe, likafika, ni jambo linalosimuliwa hadi leo vijiweni. Wasimulizi husifu injini na madereva, na wana haki. Mimi nataka kuzungumzia vitu viwili visivyoonekana katika picha yoyote ya ushindi ule: mafuta yaliyomo ndani ya shokapu na maji yaliyomo ndani ya rejeta.

Nimeviweka katika sura moja kwa sababu kazi yao ni moja. Shokapu huugeuza mtikisiko kuwa joto, kisha hulitoa joto hilo nje. Rejeta hulichukua joto la injini na kulitoa nje. Vyote viwili hutegemea kimiminika kinachozeeka kimyakimya, na vyote viwili hufungwa kwa mpira unaokauka. Lililo baya zaidi ni kwamba mwenye gari huzoea kuchakaa kwake. Gari likipoteza uimara wake kidogo kidogo kwa miaka minane, dereva wake ndiye mtu wa mwisho kugundua. Mpe rafiki aliendeshe dakika tano, utamsikia: "Ndugu yangu, hili gari mbona linaogelea?"

Shokapu haibebi gari. Kubeba ni kazi ya springi. Hata ukiyamwaga mafuta yote ya shokapu nne, 240Z litaendelea kusimama kwa kimo kilekile. Balaa litaanza likitembea. Tairi likikanyaga jiwe, springi hubanwa, hujirudisha, hupita kiasi, hubanwa tena, na gari hunesanesa hivyo mpaka nguvu ile iishe yenyewe. Wakati linanesa, kuna nukta ambazo tairi limegusa barabara kwa shida, na katika nukta hizo breki na usukani havina pa kushika.

Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vitundu na vali ndogo, imezama katika mafuta. Kila tairi linapopanda au kushuka, mafuta hulazimika kupenya kwenye vitundu vile, na upinzani huo ndio unaoutuliza mneso. Nguvu ya mtikisiko haipotei, inageuka joto. Kwenye lami nzuri joto hilo ni dogo. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja matuta madogo madogo, pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na mafuta huweza kupita nyuzi joto 100 za sentigredi. Mafuta ya moto huwa mepesi. Yakichanganyika na hewa hutoa povu, na povu halina upinzani. Hupita vitunduni kama halipo. Hapo dereva huhisi gari limelegea ghafla, na akipumzika kivulini nusu saa huliona limepona. Halijapona. Limepoa tu.

Ugonjwa wa povu ulipatiwa dawa nzuri na Mfaransa Christian Bourcier de Carbon katika miaka ya 1950: gesi yenye mgandamizo, iliyotengwa na mafuta, inayoyabana muda wote yasipate nafasi ya kutoa povu. Shokapu za gesi unazouziwa leo dukani zina damu ya wazo lile. 240Z lilitoka kiwandani na shokapu za mafuta za kawaida, tena za namna inayoweza kufunguliwa na kujazwa upya.

Kuna jambo jingine la kuelewa kabla hujashika spana. Katika magari mengi ya zamani shokapu ni kitu kilichopachikwa pembeni. Ukiing'oa, tairi linabaki mahali pake. 240Z limefuata mpango wa Earle MacPherson, mhandisi aliyefanya kazi Ford, ambao Waingereza waliuona katika Ford Consul ya 1950. Katika mpango huu shokapu yenyewe ndiyo mguu wa gari. Juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshika kitovu cha tairi na breki, na springi imeizunguka. 240Z lina miguu hiyo minne, mbele na nyuma. Ndiyo maana shokapu mbovu ya gari hili haikuletei mneso peke yake. Fimbo yake ikilegea ndani ya bomba, pembe ya tairi hubadilika huku gari likitembea, na hakuna mtu wa kupanga tairi atakayeweza kuirekebisha, hata umrudie mara ngapi.

Kipimo kinachojulikana mitaani ni kubonyeza kona ya gari na kuachia: likipanda na kutulia, nzima, likicheza mara mbili tatu, mbovu. Kipimo hiki hugundua shokapu iliyokwisha kufa. Iliyobakiza nusu ya uwezo wake hufaulu vizuri sana, kwa sababu mkono wa mtu hauwezi kuisukuma kwa kasi ambayo barabara huisukuma. Isitoshe, katika gari la miaka hamsini, mipira na bushi zilizokakamaa husaidia kuzuia mneso na kumpa mwenye gari faraja ya uongo. Mimi huamini tairi kuliko mkono. Pitisha kiganja juu ya tairi kwa kulizunguka. Kama limeliwa kwa mabonde mabonde, hapa chini, hapa juu, hapa chini tena, shokapu ya kona hiyo haishiki. Kisha chuchumaa, funua mpira wa vumbi, utazame fimbo. Unyevu mwembamba wa mafuta si hoja. Mafuta yaliyotiririka hadi chini na kushikamana na vumbi ni hukumu.

Magari ya pwani yana ugonjwa wao. Gari likisimama mwaka mzima karibu na bahari, Tanga au Mombasa, sehemu ya fimbo iliyo wazi hupigwa na hewa ya chumvi na kuota vidoa vya kutu. Vidoa hivyo ni vidogo, huenda usivione, lakini siku gari linaamshwa vinapita kwenye sili kama msasa. Kuweka sili mpya kwenye fimbo ya namna hiyo ni kutupa pesa.

Kazi ya kubadilisha mguu wa mbele si ngumu, ila ina sehemu moja inayoweza kuua. Gari huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi za chuma chini ya fremu, si juu ya matofali. Tairi hutoka, breki hufunguliwa na kufungwa kwa waya pembeni ili mpira wake usivutwe. Juu, ndani ya boneti, kuna nati tatu zinazoshika kofia ya mguu kwenye bodi. Katikati yake kuna nati ya nne, na hiyo usiiguse. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Ukiifungua kabla ya kuibana springi kwa vibanio vyake, kofia hutoka kwa nguvu ya kuvunja taya. Nimeona watu wakitumia kamba ya manila mahali pa vibanio. Tafadhali usiwe mmoja wao, vibanio huazimwa.

Mguu ukishatoka na springi kuondolewa, unabaki na bomba lenye nati kubwa ya duara mdomoni. Nati hiyo imekaa hapo tangu enzi za Nyerere na Kenyatta, na haitoki kwa kubembelezwa. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu, lala nayo usiku mmoja, kesho uishike kwa spana kubwa ya bomba huku mguu umebanwa kwenye vaisi. Ikitoka, vuta fimbo taratibu. Kinachofuata pistoni ni mafuta meusi, membamba kama maji, yenye harufu ya kuungua, na chini kabisa matope ya chuma kilichosagika. Ukiyaona hayo hutauliza tena kwa nini gari lilikuwa linaogelea.

Siku hizi watu wengi hawajazi tena mafuta kama zamani. Huingiza ndani ya bomba shokapu nyingine nzima iliyofungwa, iliyotengenezwa kwa saizi hiyo. Ni njia nzuri, lakini mafundi wengi huruka hatua mbili. Kwanza, ile mpya isimamishwe wima na kubonyezwa hadi mwisho mara kadhaa ili hewa iliyoingia ikiwa imelazwa dukani itoke. Pili, kabla ya kuiingiza, mimina mafuta kidogo ndani ya bomba la zamani. Si ya kulainisha. Ni ya kujaza uwazi ulio kati ya shokapu mpya na bomba, ili joto lipate daraja la kutokea nje. Bila mafuta hayo shokapu mpya imezungukwa na hewa, na hewa hushikilia joto ndani. Usijaze hadi juu. Mafuta hutanuka yakipata moto, na yatatafuta pa kutokea.

Nyuma utaratibu ni uleule, isipokuwa chini ya mguu kuna pini ndefu inayoshika mkono wa chini. Pini hiyo ina sifa mbaya duniani kote kwa kugandana na kutu. Mara nyingi unaweza kuitoa sehemu ya juu tu, ukauinamisha mguu nje na kuyamaliza yote bila kuigusa pini. Kama bushi zake bado nzima, iache ilale.

Sasa niseme neno kuhusu ushabiki. Kijana ananunua gari la michezo, jambo la kwanza anakata springi kwa grainda ili gari likae chini. Mguu wa 240Z una safari yake, na springi iliyokatwa huila sehemu kubwa ya safari hiyo kabla gari halijaondoka uani. Shimo la kwanza, pistoni inagonga kitako. La mia moja, vali zimepasuka. Wengine hununua shokapu za kurekebishika na kuzifunga kwenye ugumu wa mwisho, wakidhani ugumu ndio michezo. Shokapu ngumu kupita kiasi haiachi tairi lifuate barabara. Tairi linaruka kutoka kilele hadi kilele. Anza na ulaini, ongeza hatua moja, endesha, ongeza nyingine. Gari likianza kukutikisa meno bila kushika kona vizuri zaidi, umepita. Rudi hatua moja. Na siku zote badilisha mbili za mbele pamoja au mbili za nyuma pamoja.

Tuhamie mbele ya gari.

Bloku ya injini ya 240Z ni chuma cha kalibu na silinda hedi yake ni aluminiamu. Metali hizi mbili, ukizigusanisha ndani ya maji ya kawaida, hufanya kile ambacho betri hufanya: mkondo mdogo wa umeme hupita na aluminiamu huliwa. Juu ya hilo, aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemsha vibaya, hedi hutaka kutanuka na bloku haiko tayari, hedi inapinda, gasketi inaachia. Ukimuuliza mwenye 240Z lililokufa injini, asilimia kubwa ya simulizi huanza hapo: "Lilichemsha siku moja tu."

Kwa hiyo maji matupu hayafai, hata kwetu ambako hakuna barafu. Watu husema kulanti ni ya Wazungu, ya kuzuia maji yasigande. Kuzuia kuganda ni kazi mojawapo tu. Ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, na dawa hizo huisha. Rangi ikibaki ya kijani haimaanishi dawa bado ipo. Kwa rejeta ya shaba iliyoungwa kwa lehemu, kama hii, tafuta kulanti ya kizamani inayosema wazi inafaa shaba na lehemu, changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, na umwage yote kila baada ya miaka miwili. Maji ya kisima usiyatie. Lile gamba jeupe linalokaa ndani ya birika lako hukaa pia ndani ya injini. Usichanganye rangi za kulanti kwa kubahatisha, baadhi hugeuka uji. Na usiimwage mtaroni. Ina ladha tamu, mbwa na watoto huipenda, na ni sumu inayoua figo.

Maji husukumwa na pampu kutoka chini ya rejeta, huingia bloku, hupanda kwenye hedi, hufika kwenye thamostati, na ikiwa imefunguka hurudi juu ya rejeta kupoa. Thamostati ya kawaida ya gari hili huanza kufunguka nyuzi 82. Na hapa ndipo nina ugomvi wa muda mrefu na gereji zetu.

"Bosi, hii tunaitoa. Hii ni ya Ulaya, huku kwetu joto."

Umesikia maneno hayo, au utayasikia. Thamostati inang'olewa, injini inachelewa kupata moto, sindano inakaa chini, na mwenye gari anafurahi. Kwa injini ya kabureta matokeo huonekana polepole: petroli inaungua vibaya, inateleza kwenye kuta za silinda na kuosha oili, oili haipati joto la kuukausha unyevu wake na inageuka ute. Lakini hasara kubwa ni nyingine. Gari lililokuwa linachemsha lilikuwa na sababu, na karibu kila mara sababu ni rejeta iliyoziba. Kuitoa thamostati kunaificha sababu hiyo hadi siku ya mlima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama huiamini thamostati, ipime. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse kitako, weka kipimajoto pembeni, washa jiko. Ikianza kufunguka karibu na nyuzi 82 na kuwa wazi kabisa kabla maji hayajatokota, irudishe ilikotoka. Ile yenye kipini kidogo kinachochezacheza ndani ya tundu iwekwe kipini kikiwa juu. Hapo ndipo hewa iliyonaswa hupitia.

Mfuniko wa rejeta unadharauliwa kuliko kitu chochote ndani ya boneti, na ndio unaoamua maji yachemke lini. Huyabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki kwa nyuzi 100. Mfuniko wa 240Z umeandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mgandamizo huo maji matupu huchemka karibu nyuzi 119 Mombasa. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, sufuria iliyo wazi huchemka nyuzi 94 au 95, na ndani ya rejeta ileile yenye mfuniko uleule maji huchemka karibu nyuzi 115. Tena hewa ya huko juu ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo kila upepo wa feni hubeba joto kidogo kuliko pwani. Baridi ya Nairobi hulipa sehemu ya deni hilo, lakini kwenye kupanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori, saa saba mchana, gia ya pili, hailipi. Mfuniko wenye springi iliyolegea ukiongezwa juu ya hayo, umebaki na injini inayochemka mapema kwa nyuzi ishirini nzima. Na bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha watu wawili.

Mfuniko huohuo una vali ya pili, ya kuruhusu hewa au maji kurudi injini ikipoa. Ikigoma, asubuhi utakuta mpira wa rejeta umenywea kama uliofyonzwa. Wengi hubadilisha mpira, ambao hauna kosa. 240Z halikuja na chupa ya kupokea maji yanayofurika, yalimwagika barabarani. Kuongeza chupa, na mfuniko unaoendana nayo, ni marekebisho ambayo hata wapenda uasilia wakali siwaelewi wanapoyakataa.

Rejeta yenyewe ni neema kwa mtu wa Afrika Mashariki. Za magari ya leo ni aluminiamu na plastiki, zikipasuka hutupwa. Ya 240Z ni shaba, na mafundi wa rejeta bado wapo: wenye tochi ya gesi, lehemu, pipa la maji na mikono iliyopauka. Fundi huchoma kingo hadi lehemu iyeyuke, hung'oa tangi la juu, na mirija yote inakuwa wazi mbele yako. Hapo utaona mwenyewe kwa nini gari lilichemsha. Mirija ya kati huwa wazi, ya pembeni imejaa udongo mwekundu mgumu. Fundi hupitisha bapa jembamba la chuma mrija mmoja mmoja, akisukuma na kuvuta, mpaka mwanga utokee upande wa pili. Akiisha kuunga tangi, huziba midomo, hupuliza upepo ndani, huizamisha pipani na kungoja mapovu. Simama hapo utazame hatua hiyo ya mwisho. Ikirukwa, umelipia nusu ya kazi. Nje pia, mapezi yaoshwe kwa maji yasiyo na kasi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili mbegu za nyasi na wadudu watoke walikoingilia.

Usiishie kwenye rejeta. Ubavuni mwa bloku kuna bolti ya kumwagia maji ambayo huenda haijafunguliwa tangu gari litoke Japani. Uchafu mzito hutua nyuma ya bloku, mbali na pampu, na kumwaga maji kwa chini ya rejeta hakuugusi. Fungua bolti hiyo. Kama maji hayatoki, chokoa kwa waya.

Mengine ni ya haraka. Mipira ya rejeta ikiwa laini kama ndizi mbivu au migumu kama ubao, badilisha yote na klipu zake. Pampu ina kitundu chini ya shingo yake. Kikidondosha maji, sili imekwisha na beringi inafuata. Beliti iwe na ulegevu wa sentimita moja hivi. Feni ina kilachi chenye majimaji mazito ndani: injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono, ikizunguka mara nyingi bila upinzani, kilachi kimekufa. Feni ya umeme ni mbadala mzuri, ilimradi ukumbuke kuwa alteneta ya asili ilihesabiwa kwa taa na redio tu.

Nimalizie na geji, kwa sababu imewaponza watu wenye akili timamu. Kihisio chake husoma maji kinayoyagusa. Maji yakiwa yamekwisha, kinagusa mvuke na hewa, na sindano inaweza kushuka. Unapanda Kitonga, sindano imekuwa juu dakika kumi, ghafla inaanguka. Usishangilie. Zima injini hapohapo, sogea pembeni, fungua boneti, usiguse mfuniko. Ngoja hadi uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuungua, hata kama abiria wana haraka. Ukiufungua ukiwa bado umebana, maji yaliyokuwa yamezuiwa yasichemke yatachemka yote kwa mpigo usoni mwako. Ukishaweza kuongeza maji, ongeza kidogo kidogo injini ikiwa imepoa. Maji baridi kwenye hedi ya moto huipasua.

Mwaka 2003 Safari Classic ilianza, mbio za magari ya zamani katika barabara hizihizi, na magari ya ukoo wa Z yamo miongoni mwa yaliyokimbia. Kwa hiyo hoja kwamba gari hili limezeeka mno kwa safari ndefu haina mashiko. Ukienda kulitazama 240Z linalouzwa, acha rangi kwanza. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, ufungue mfuniko wa rejeta, utumbukize kidole. Kikitoka na ute wa kahawia, toa kwenye bei gharama ya rejeta, pampu na gasketi ya hedi. Kisha pitisha kiganja kwenye tairi zote nne na utoe gharama ya shokapu. Muuzaji akikataa kupunguza, mwachie gari lake.